Namba iliyolala: kisa cha kikundi cha bahati nasibu na daftari lake

Kisa hiki ni cha watu tisa waliokuwa wakicheza bahati nasibu kwa pamoja, daftari walilolitunza miaka miwili, na namba moja iliyowafanya wachote fedha ambazo hazikuwa za mchezo. Nimezungumza na sita kati yao, na daftari nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Majina, mahali, aina ya kazi na viwango vya fedha nimeviondoa. Gharama nitazitaja kwa idadi ya tiketi. Hata namba zenyewe nimezibadilisha. Hilo haliharibu hesabu, kwa kuwa kwenye mashine mpira mmoja hauna tofauti na mwingine, jambo ambalo ndilo lililokuwa likibishaniwa tangu mwanzo.

Usuli

Mchezo wao ni ule unaojulikana sana: mipira 49, inatolewa sita, droo mbili kwa wiki. Tiketi moja ina namba sita. Ukipata namba tatu unapewa zawadi ndogo, katika mchezo huu sawa na bei ya tiketi tano. Ukipata zote sita unachukua jakpoti.

Wote tisa wanafanya kazi sehemu moja. Kila wiki walichanga kiasi sawa na kununua tiketi 12 kwa kila droo. Wanne kati yao ndio wanaobeba kisa, nami nitawaita kwa nafasi zao: Mtunza Daftari, Mweka Hazina, Mzee na Kijana. Mweka Hazina alishika mifuko miwili, mmoja wa tiketi na mwingine wa dharura, ambao mwanachama hukopa akiuguliwa au akifiwa. Mifuko yote miwili ilikaa kwenye akaunti moja. Kumbuka hilo.

Mtunza Daftari ni mtu makini, wa aina ile anayepanga risiti kwa tarehe. Daftari lake lina mistari 49 kwenda chini, mmoja kwa kila namba, na safu moja kwa kila droo. Namba iliyotoka ina nukta nyekundu, isiyotoka ina kistari cha penseli. Katika mwaka wa pili aliongeza safu pembeni, akaiita "umri": droo ngapi zimepita tangu namba hiyo itoke mara ya mwisho. Namba yenye umri mkubwa ikawa inaitwa "iliyolala". Kikundi kikajiwekea na sheria zake. Usicheze namba zilizotoka droo iliyopita. Usiweke namba mbili zinazofuatana kwenye tiketi moja. Na kila mara iwepo angalau namba moja iliyolala.

Mzee hakuwa na haja na daftari. Namba zake zilitoka kwenye ndoto na kwenye tarehe za kuzaliwa za wajukuu, na tiketi moja kati ya zile 12 ilikuwa yake siku zote. Wenzake walimcheka kidogo. Wao walikuwa na takwimu, yeye ana ndoto.

Kikundi hakikuwa kinatoka mikono mitupu. Tiketi moja kati ya 54 hivi hupata namba tatu au zaidi, kwa hiyo mtu anayenunua tiketi 24 kwa wiki atapata kitu kila baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Fedha zilizokuwa zikirudi zilikuwa sehemu ndogo sana ya zilizotoka, lakini habari njema zilifika kwa wakati, na hakuna aliyekuwa akiweka hesabu ya jumla. Daftari lilirekodi mipira tu. Gharama hazikuwa na safu.

Mambo yalivyokwenda

Daftari lilipofikisha droo 208, namba 34 ilikuwa imelala droo 40 mfululizo. Tangu daftari lianze ilikuwa imetoka mara 15 tu, wakati wastani wa namba moja katika droo 208 ni mara 25 na ushei. Mtunza Daftari alilileta hilo kikaoni. Alikuwa amefanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi: uwezekano wa namba kutotoka katika droo moja ni 43 kwa 49, na ukiuzidisha wenyewe kwa wenyewe mara 40 unapata karibu 1 kwa 186. "Kitu cha moja kwa mia na themanini na sita kimetokea mbele yetu," alisema. "Hakiwezi kuendelea."

Kikao kikakubali kuiweka 34 kwenye tiketi zote 12, hata ile ya Mzee, ambaye alinung'unika lakini akakubali. Droo nne zikapita. 34 haikutoka, na hakuna tiketi hata moja iliyopata namba tatu.

Hapo ndipo lilipokuja pendekezo la kupanda hadi tiketi 30. Michango haikutosha. Mweka Hazina alisita, akapendekeza njia ya kati: wapande hadi 20, na zilizozidi 12 ziachiwe mashine ichague namba. Pendekezo likaanguka bila hata kura. Mmoja wao aliniambia kuchaguliwa namba na mashine ni "kumpa mtu baki ufunguo". Mwishowe walichukua kwenye mfuko wa dharura, kwa maelewano kwamba wangerudisha 34 ikitoka.

Tiketi 30, zote zikiwa na 34, droo nne nyingine. Zawadi moja ndogo tu. Kijana, ambaye ndiye pekee aliyekuwa ameanza kuogopa, alisoma habari ya Italia na kuwaeleza wenzake. Huko, katika mchezo wa mipira 90 ambapo hutolewa mitano kwa kila gurudumu, yaani droo ya mji mmojammoja, namba 53 ya gurudumu la Venice ililala droo 182. Watu waliiwekea zaidi ya euro bilioni 3 kwa jumla, familia zikafilisika, magazeti yakaripoti hata waliojiua, kabla haijatoka tarehe 9 Februari 2005. Kijana alikusudia kuwatisha. Mtunza Daftari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na ikatoka, si ndiyo?"

Droo ya tisa, 34 ikatoka.

Tiketi tatu kati ya 30 zilipata namba tatu. Watu walikumbatiana. Mtunza Daftari alipigiwa makofi mbele ya wote. Mweka Hazina alikaa pembeni na karatasi: katika droo zile tisa walinunua tiketi 198 (48 za mwanzo na 150 za baadaye), na zawadi nne walizopata zilitosha kununua tiketi 20. Mfuko wa dharura ulikuwa na pengo, na wiki ileile mwanachama mmoja alihitaji mkopo akaupata nusu.

Kikao kilichofuata kilikuwa na ajenda mbili. Mweka Hazina alitaka kuzungumzia pengo. Mtunza Daftari alitaka kuzungumzia namba 11, iliyokuwa imelala droo 29.

Mwalimu anaitwa

Kijana alimleta mwalimu wa hesabu anayemfahamu, na wote wakakubali asikilizwe. Alikuja mara tatu.

Mara ya kwanza aliandika kwenye ubao 13,983,816, idadi ya tiketi tofauti zinazowezekana katika mchezo wa sita kwa 49, akaeleza kwamba jakpoti ni moja kati ya hizo. Kisha akaeleza kwamba mpira hauna kumbukumbu. Walimsikiliza kwa heshima. Mzee akauliza, "Mwalimu, hiyo moja si ni mtu?" Mwalimu akakubali kwamba ni mtu. "Basi," akasema Mzee, na kikao kikaisha.

Mara ya pili mwalimu aliacha ubao. Akaomba daftari, akazishika sheria za kikundi moja baada ya nyingine na kuuliza daftari lenyewe linasemaje. Wanasema namba zilizotoka juzi hazirudi leo? Wakahesabu: zaidi ya nusu ya droo zilikuwa na angalau namba moja iliyorudi kutoka droo iliyotangulia. Ndivyo nadharia inavyotarajia, asilimia 56 hivi. Hapo akawasimulia ya Bulgaria ya Septemba 2009, ambapo namba sita zilezile, 4, 15, 23, 24, 35 na 42, zilitoka tarehe 6 na tena tarehe 10, droo mbili mfululizo. Uchunguzi ukaamriwa, na udanganyifu haukuonekana. Wanasema namba zinazofuatana hazitoki pamoja? Karibu nusu ya droo za daftari zilikuwa na angalau jozi moja inayofuatana. Kwa nadharia ni asilimia 49.5. Mtunza Daftari hakuwa amewahi kuliona hilo, ingawa nukta nyekundu alikuwa amezichora yeye mwenyewe, moja juu ya nyingine.

Ilipofika kwenye namba zilizolala, mwalimu hakusema lolote. Alitoa kazi. Chukueni kila namba iliyokuwa na umri wa droo 15 au zaidi kabla ya droo fulani. Iandikeni kama nafasi moja. Halafu angalieni kama ilitoka katika droo hiyo. Fanyeni hivyo kwa droo 100 za mwisho. Kama kulala kunaongeza uwezekano, asilimia ya zilizotoka itakuwa juu wazi ya ile ya kawaida, ambayo ni 6 kwa 49, yaani 12.2.

Kazi iligawanywa kwa wawili wawili, wakaifanya jioni kadhaa baada ya kazi. Mara ya tatu mwalimu aliporudi, Mtunza Daftari alikuwa na jibu: nafasi 691, zilizotoka 88. Asilimia 12.7. "Imezidi," alisema, na alikuwa anatabasamu.

Mwalimu hakubishana. Akamwomba afanye vilevile kwa droo 100 zilizotangulia hizo. Nafasi 684, zilizotoka 78. Asilimia 11.4. Sasa imepungua. Mtunza Daftari aliziangalia namba hizo mbili kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo swali bora kuliko yote katika kisa hiki: "Sasa, izidi kiasi gani ndiyo tuseme imezidi?"

Mkutano uliobaki ulikuwa wa kujibu hilo. Katika nafasi 690 hivi, bahati peke yake inaweza kusukuma matokeo juu au chini kwa takriban 9 bila ajabu yoyote, na kwa 17 mara mojamoja. Walitarajiwa kupata 84 au 85. 88 na 78 zote ziko ndani ya mtikisiko huo. Mwalimu akamaliza kwa kuwataka watafute kama kuna namba nyingine iliyowahi kulala droo 40 kwenye daftari. Zilikuwepo nne. Hakuna aliyeziona kwa sababu safu ya umri ilikuwa haijaanza. Baada ya kufikisha 40, moja ilitoka droo ya pili, moja ya tano, moja ya 11, moja ya 17.

Maamuzi na sababu zake

Kuiweka 34 kwenye tiketi zote kulitokana na hesabu sahihi iliyojibu swali lisiloulizwa. Ile 1 kwa 186 ni uwezekano wa namba uliyoitaja *kabla* kulala droo 40 zinazofuata. Hakuna aliyeitaja 34 kabla. Daftari lilikuwa na namba 49, kila moja ikiwa na miaka miwili ya kujaribu, na ukilipigia hesabu daftari zima la droo 208 utatarajia kukuta ukimya wa namna hiyo mara tano au sita. Walikuwa nao mara tano. Kilichoonekana kuwa muujiza kilikuwa kidogo chini ya wastani.

Kupanda hadi tiketi 30 kulikuwa na sababu tofauti. Mmoja wao alisema wazi: kuacha baada ya droo nne kungekuwa kumwachia mtu mwingine namba waliyoilea. Kama namba inakomaa kwa kulala, basi kila droo tupu ni hoja ya kuongeza dau. Hasara yenyewe ikawa ushahidi.

Kuchukua fedha za dharura kuliwezekana kwa sababu ya akaunti moja. Mweka Hazina ananiambia angekataa kama ingebidi aende kutoa sehemu moja na kuweka sehemu nyingine. Ilivyokuwa, ilibidi abadilishe maandishi tu.

Kukataa namba za mashine ni jambo linalofahamika. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer alieleza jaribio ambapo watu waliouziwa tiketi ya dola moja waliombwa kuiuza tena: waliojichagulia tiketi walidai kwa wastani dola 8.67, waliopewa tu walidai 1.96. Tiketi zilikuwa na nafasi sawa.

Matokeo

Mifuko ilitenganishwa, na kutoa fedha kwenye ule wa dharura sasa kunahitaji sahihi tatu. Tiketi ziliwekewa kikomo cha 12 kwa droo, bila kujali namba gani imelala. Pengo lilijazwa kwa michango ya ziada ya miezi kadhaa. Wanachama wawili walijitoa. Mmoja kwa hasira ya mkopo uliokatwa nusu, mwingine kwa sababu baada ya hesabu za mwalimu mchezo ulimchosha.

Namba 11 haikuwekewa tiketi 30. Lakini Mtunza Daftari aliniambia bila kuona haya kwamba yeye mwenyewe aliiweka kwenye tiketi mbili zake binafsi kila droo mpaka ilipotoka. "Najua ni 12.2," alisema. "Naiweka tu."

Uchambuzi: ushahidi waliojitengenezea

Kipengele nilichokiona kuwa kizito kuliko vyote hakikuguswa na mwalimu, nacho ni namna walivyopanga tiketi zao.

Chukua tiketi 30 zilizosambazwa bila namba ya pamoja. Katika droo moja tunatarajia zawadi 0.56, yaani zaidi kidogo ya moja kila droo mbili. Sasa weka 34 kwenye zote. Ikiwa 34 haikutoka, kila tiketi inabaki na namba tano tu za kuitegemea, na nafasi yake ya kupata tatu au zaidi inashuka hadi 1 kwa 96. Zawadi zinazotarajiwa kwa droo ni 0.31. Ikiwa 34 imetoka, kila tiketi tayari ina moja, na nafasi inaruka hadi karibu asilimia 7.7. Zawadi zinazotarajiwa ni 2.3 kwa mpigo.

Ukiunganisha hali hizo mbili kwa uzito wake, wastani unarudi palepale, 0.56. Hawakupata wala kupoteza kitu kwa kuipanga 34 hivyo. Walichobadilisha ni umbo la matokeo: ukame mrefu, halafu mafuriko siku ile namba inapotoka. Mtu aliyeishi wiki nne na nusu ndani ya umbo hilo ameona kwa macho yake kwamba mambo yalikuwa makavu wakati 34 imelala na yakafunguka ilipoamka. Hajadanganywa na mtu. Mpangilio wake wa tiketi ndio uliotengeneza ukame, na ndio uliotengeneza mafuriko. Zile zawadi tatu za droo ya tisa, zilizopigiwa makofi, zilikuwa karibu kabisa na zile 2.3 ambazo kikundi chochote kingetarajia kwa kuweka namba yoyote kwenye tiketi zake zote, siku ambayo namba hiyo imetoka.

Ongeza hapo kwamba utabiri wenyewe haukuwa na namna ya kushindwa. "34 itatoka" ni kweli kwa kila namba kwenye mashine. Ukianza kuisubiri leo, iwe imetoka juzi au imelala mwezi mzima, utasubiri wastani wa droo nane; kuna nafasi ya asilimia 73 kwamba itatoka ndani ya droo kumi, na zaidi ya theluthi moja kwamba droo nane zitapita tupu. Wao walipata droo nane tupu. Swali la Mtunza Daftari kuhusu Italia linaonyesha mtego ulivyo: hadithi ya maangamizi ya namba 53 ilimfikia kama hadithi ya ushindi, kwa sababu kipimo chake kilikuwa kutoka kwa namba. Fedha hazikuwa kwenye kipimo, kama ambavyo hazikuwa kwenye daftari.

Lingine lililowachanganya ni kanuni halisi ya hisabati iliyoeleweka kichwa chini. Walijua kwamba kwa muda mrefu kila namba hutoka kwa kiasi sawa, na hilo ni kweli. Mwanahisabati Jacob Bernoulli alilithibitisha, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1713. Wakahitimisha kwamba 34, iliyokuwa nyuma kwa mara kumi hivi, lazima ifidie. Haifidii. Tuseme droo 2,000 nyingine zinapita na 34 inatoka kwa kiwango cha kawaida, mara 245. Jumla yake ni 260, wakati wastani ni 270. Deni la mara kumi bado lipo lilelile, lakini asilimia yake imepanda kutoka 7.2 hadi 11.8, inakaribia 12.2. Upungufu umezama kwenye wingi, hakuna aliyeulipa. Mwanahisabati Mfaransa Laplace alilalamikia kosa hilihili kwa wachezaji wa bahati nasibu ya Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, watu waliokimbilia namba zilizochelewa, na mwaka 1993 watafiti Charles Clotfelter na Philip Cook walionyesha upande wake wa pili huko Maryland, Marekani: namba ikishatoka, wachezaji wanaikimbia, na huchukua takriban miezi mitatu kuirudia.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Zile 13,983,816 hazikufanya kazi, na sidhani huwa zinafanya kazi. Namba kubwa kiasi hicho haina mahali pa kukaa kichwani, na jibu la Mzee halina kosa la kihisabati: kuna mtu hushinda. Anayecheza anajua kwamba nafasi ni ndogo. Ubishi ulikuwa juu ya namba ipi, na mwalimu alikuwa amejibu ni ngumu kiasi gani.

Kuhesabu kwa mikono yao wenyewe kulifanya kazi, tena kwa njia ambayo isingepatikana kwa kuwaonyesha jibu. Matokeo ya kwanza yalipoelekea upande wa Mtunza Daftari, mwalimu aliyekuwa na haraka angeeleza kwamba 12.7 na 12.2 ni kitu kimoja, na angeonekana anakwepa. Kumwacha ashinde raundi ya kwanza kulimfanya aikubali ya pili. Pia ilisaidia kwamba kipimo kilikuwa cha kwake: umri ni safu aliyoibuni yeye.

Mzee anastahili aya yake. Kikundi kilimwona kuwa ndiye mshirikina na wao ndio wenye sayansi. Kwa hesabu, tiketi ya ndoto ina nafasi ileile na tiketi ya daftari. Kwa fedha, imani yake ilikuwa salama zaidi kwa mbali, kwa kuwa ndoto haiongezeki nguvu kwa kutotimia. Alinunua tiketi moja kwa droo kwa miaka miwili, na angeendelea hivyo. Imani ya daftari ndiyo iliyokuwa na injini ya kupanda ndani yake. Mwalimu hakuzigusa ndoto, na nadhani alifanya vyema.

Udhaifu pekee wa mbinu ya Mzee ni tarehe za kuzaliwa, na hata huo unahusu kugawana zawadi, haugusi nafasi ya kushinda. Namba za 1 hadi 31 zinapendwa na wengi, na hivyohivyo namba zinazokaa kwa mpangilio mzuri kwenye tiketi. Uingereza, tarehe 14 Januari 1995, watu 133 walipata namba zote sita, na jakpoti ya takriban pauni milioni 16 ikawa pauni 122,510 kwa kila mmoja. Kama kuna sehemu yoyote ya mchezo huu ambapo uchaguzi wa namba una maana, ni hapo: kuchagua ambazo wengine hawazichagui. Kikundi hakikuwahi kulijadili, na daftari lisingeweza kuwasaidia, kwa kuwa lilirekodi mashine na halikurekodi wachezaji.

Kilichoshindikana kabisa ni upande wa fedha, na kilishindikana mapema, kabla ya 34 kulala hata siku moja. Safu moja ya gharama na zawadi ingeonyesha ndani ya miezi michache kwamba fedha zinatoka kwa kasi gani. Na kikomo cha tiketi 12 kilipaswa kuandikwa wakati hakuna namba inayozungumziwa. Kilipoandikwa, kilipita kwa kura tano dhidi ya nne. Mtunza Daftari, pamoja na hesabu zake zote za jioni zile, alipiga kura ya kukipinga. Aliniambia hakupinga kikomo chenyewe. Alitaka kiwe 15.